Mvulana Ana Alasiri
Maneno ya mlezi wa internati, shule ya bweni, kwa wazazi na wanafunzi, Lubumbashi, Jumapili ya kuingia shuleni, mwezi wa Septemba

Mama Prefe, mkuu wetu wa shule, masista, walimu wenzangu, baba na mama wa Kamati ya Wazazi, wazazi wote mliofika, na ninyi mabinti, wapya kwa wa zamani, jambo zenu. Karibuni.

Naona wengine bado mna vumbi la barabara. Waliotoka Kolwezi wameanza safari usiku. Waliotoka Kasumbalesa wamekula foleni ya malori hadi wakaizoea. Wa Kasenga siwaulizi kitu, nguo zenu zinajieleza. Na wa mitaa yetu ya Katuba na Kenya, mnaokaa karibu kuliko wote na kufika nyuma ya wote, ninyi tunajuana. Poleni na safari.

Mama Prefe amekwisha kusoma sheria za internati, na ekonomu, mtunza fedha wetu, amekwisha kuwatajia minervali, yaani karo. Sitarudi huko, maana niliona nyuso zilivyobadilika. Mimi ni mlezi, ninalala hapa na hawa watoto na kuamka nao, na ninataka kuzungumza juu ya jambo moja: saa za mtoto wa kike, zile zilizo kati ya kengele ya mwisho ya masomo na kulala.

Mzazi akija kumwandikisha binti yake, huwa namwuliza kwa nini ameamua internati. Jibu la kwanza huwa nidhamu. La pili, wavulana wa mtaani. Baba mmoja aliniambia, "Mama, ukuta wenu ni mrefu, nimeupenda." Ukuta ni mzuri, baba, lakini ukuta haujawahi kufaulu hesabu. Msichana hapati alama kwa kufungiwa. Anazipata kwa kukaa na daftari lake muda wa kutosha, kila siku, pasipo mtu wa kumwita. Huo muda ndio mnaoulipia. Godoro mnalo nyumbani. Bukari, ugali wetu, mnao, tena mzuri kuliko wa hapa.

Tuseme ukweli wa nyumbani, tusioneane haya. Masomo yanakwisha saa saba mchana. Msichana anarudi kwa miguu, na akifika anakuta bidoni tupu za maji zinamngoja. Mama yuko sokoni hadi jioni, hana namna, asipouza watu watakula nini? Basi maji ni ya msichana, moto wa makaa ni wake, sombe, yale majani ya muhogo, la kutwanga ni lake, mdogo wa kuogeshwa ni wake. Bukari unasongwa, wageni wanabisha hodi, unasongwa mwingine. Anaposhika kalamu ni saa mbili usiku, na hapo umeme umekwisha kukatika. Huu ni mji wa shaba. Tangu miaka ya 1980 kuna nyaya zinazoleta umeme kutoka bwawa la Inga, karibu kilomita 1,700 hadi Kolwezi, zinapita juu ya vijiji visivyo na hata taa moja, na mtoto wa Katuba bado anasoma kwa mshumaa. Hilo nimelisema nikipita tu, lina siku yake.

Na kaka yake? Wamefuatana, darasa moja. Yeye alifika saa ileile, akala, akajinyoosha kidogo, akasoma chini ya mwembe jua likiwapo, kisha akaenda mpira. Mwisho wa mwaka bulteni mbili, karatasi za alama, zinawekwa mezani, na wajomba wanasema: huyu mvulana ana kichwa. Hapana, wazazi wangu. Mvulana ana alasiri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyekaa kwenye kiti hawezi kujua bidoni ya lita 20 ina uzito gani ikipanda kutoka kisimani.

Haya si ya Lubumbashi peke yake. Mwaka 2016 UNICEF ilitoa hesabu ya dunia nzima: wasichana wa miaka 5 hadi 14 wanatumia muda mwingi kuliko wavulana wa umri wao katika kazi za nyumbani, tena unaozidi kwa asilimia 40. Ukijumlisha hiyo ziada peke yake ni saa milioni 160 kwa siku. Kwa siku moja, mama, si kwa mwaka.

Kuna mama pale mbele ameanza kunikunjia uso. Najua unachofikiri: binti yangu atarudi hajui kusonga, nitaaibika kwa wakwe. Atajua. Hapa anafagia bweni, anafua nguo zake, anashika kupekupe ya kufyekea majani Jumamosi asubuhi kama wenzake, na zamu ya jikoni ipo. Kazi ya hapa ina mwanzo na mwisho. Kengele ikilia, ufagio unawekwa chini. Ya nyumbani, kwa msichana, haina kengele.

Kabla ya uhuru, shule nyingi walizofunguliwa wasichana wa nchi hii zilikuwa za kushona, kupika na kutunza nyumba. Yaani msichana alitoka jikoni kwa mama yake akapelekwa jikoni kwa masista, na hiyo ikaitwa shule. Masista mnisamehe, wa leo hamna kosa. Tarehe 30 Juni 1960 nchi inapata uhuru, na hakuna mwanamke hata mmoja Mkongo aliyemaliza chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, mwaka 1964, pale chuo kikuu cha Lovanium. Mwaka 1966 akawa waziri, wa kwanza mwanamke. Halafu 2024 tukampata Judith Suminwa Tuluka, waziri mkuu wa kwanza mwanamke. Kutoka diploma ile hadi kiti kile ni miaka 60. Bibi zenu, walio hai, walikuwa wasichana wadogo Kanza alipomaliza. Nendeni mkawaulize siku ya likizo wao walikuwa wapi saa tisa alasiri mwaka ule. Msiwaulize kama walikuwa na akili. Waulizeni walikuwa wapi.

Hapa tunafanyaje, basi? Kengele ya kwanza ni saa kumi na moja alfajiri. Kuoga, kufagia, sala, chai, mstari wa bendera, masomo. Hayo mtayazoea kabla ya juma kwisha. Mchana mnakula, mnapumzika, na saa tisa kamili mnaingia etidi, muda wa kujisomea, hadi saa kumi na moja. Baadaye michezo na kuoga. Mnakula mapema, na saa kumi na mbili na nusu mnarudi etidi hadi saa mbili na nusu. Hizo ni saa nne. Kwa siku tano ni saa 20 kwa juma, nje ya darasa, na ukumbi una taa za sola ambazo Kamati ya Wazazi iliziweka, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakutuhusu tena. Tuwapigie makofi.

Sasa, mabinti, saa nne za kukaa si saa nne za kusoma. Nawaona kila mwaka: msichana amepanga kalamu za rangi tano, ananakili daftari lake la jiografia kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwanza, anapamba vichwa vya habari kwa mistari miwili. Jioni anasema nimesoma sana. Umechora. Ukitaka kujua kama umesoma, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone ulichosahau. Inauma, kwa sababu mara ya kwanza karatasi inabaki nusu tupu. Ndiyo maana wengi wanapenda kunakili. Lakini kinachokaa kichwani ni kile ulichokitoa mwenyewe, na usipokijaribu hapa utakijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya msimamizi wa mtihani.

Ninyi wa mwaka wa nne, mnaomaliza sekondari, Mtihani wa Serikali unafunguliwa na insha ya Kifaransa. Tunaongea Kiswahili bwenini, tunagombana kwa Kiswahili, tunaota kwa Kiswahili, na sitaki mtu awaadhibu kwa hilo. Lakini insha haitaandikwa na aliyesoma Kifaransa cha daftarini tu. Nusu saa ya mwisho ya etidi ya jioni ni ya kitabu. Kitabu chochote cha maktaba, kinene au chembamba, alimradi usome kurasa, si jalada.

Nije kwenu, mayaya, dada wakubwa wa bweni. Hapa nitakaa kidogo.

Saa za mtoto zinaweza kuibwa hata ndani ya ukuta ambao baba aliupenda. Mtoto wa mwaka wa saba, ndio kwanza ametoka shule ya msingi, amefika, ana miaka 12, hajawahi kulala nje ya kwao. Usiku wa kwanza anaambiwa: nenda kamchotee yaya maji. Kesho yake anafua sketi ya yaya. Keshokutwa anatandika kitanda cha yaya, anaimba amesimama juu ya sanduku, sukari yake inaliwa na bweni zima, na akilia anaambiwa nasi tulifanyiwa hivyo. Mnaita hiyo kumkaribisha mgeni. Mimi nasema hivi: mtoto ametolewa jikoni kwa mama yake, wewe umemweka jikoni kwako, na wewe hata hukumzaa.

Mwaka huu hakuna atakayebeba ndoo ya mwenzake, isipokuwa ndoo ya mgonjwa. Hiyo haina mjadala, na Mama Prefe anajua nitakachofanya kwa atakayenijaribu. Badala yake kila yaya wa mwaka wa tatu na wa nne amepewa mdogo mmoja wa kumshika mkono. Orodha iko mlangoni pa bweni. Umwoneshe foraji ya kuchotea maji ilipo na foleni yake inavyokwenda, namna ya kufunga chandarua ili kisiache upenyo miguuni, kufuli linavyowekwa sandukuni, mwalimu gani anataka daftari lenye jalada na yupi hajali. Umwoneshe pa kujificha kulia kama anataka kulia, maana ninyi mnapajua, msinifiche.

Wazazi, nanyi mna mikono mirefu. Internati haiwazuii kumtoa mtoto etidi mkiwa Ruashi au Likasi, simu inatosha. Akifiwa na mzazi, na ndugu yake, na bibi aliyemlea, tutamleta sisi wenyewe kama gari lenu halipo. Mtoto lazima alie msiba wake. Lakini naletewa barua za matanga ya jirani wa shangazi, za harusi ya binamu ambaye binti hamjui hata sura, za ubatizo. Nikipiga simu kuuliza anahitajika kwa nini, naambiwa: watu watakuwa wengi, nani atapika? Kaka yake yuko internati ya wavulana ng'ambo ya mji. Huko hakuna barua iliyofika.

Na kama kuna aliyeleta mtoto hapa huku akiwa amekwisha pokea maneno ya mahari, tuelewane mapema. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamkinga kila aliye chini ya miaka 18, na sheria ya familia iliyorekebishwa 2016 inasema 18 kwa mvulana na 18 kwa msichana. Hakuna mjomba atakayekuja getini na kuondoka na mwanafunzi kwa sababu hiyo. Nimemaliza.

Simu za mkononi zinarudi nyumbani na ninyi leo hii. Mtoto ataongea na kwao Jumapili alasiri kwa simu ya ofisi yangu, kwa zamu, dakika chache. Najua wengine wameshona simu ndani ya godoro. Tutayapekua magodoro, kwa heshima, lakini tutayapekua.

Juu ya nywele, mimi na Mama Prefe hatukubaliani kabisa, na ameniruhusu niseme. Yeye angependa zikatwe zote. Mimi sioni kichwa cha msichana kikipungukiwa na akili kwa sababu kina nywele. Nilichoomba, tukakubaliana, ni mistari ya kawaida isiyoongezwa nywele za kununua, ya kusuka kwa saa moja. Ile mitindo inayoanza Jumamosi saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa, wasukaji wawili wakiwa wamesimama na msukwaji shingo imekufa, hiyo ni watu watatu wamepoteza siku. Subirini Krismasi.

Sijasema kila saa iwe ya daftari. Michezo ni lazima, na yaya anayeniletea kila Jumatano maumivu ya kichwa saa kumi na moja kamili, namwona hapo alipo. Tuna voliboli, tuna mpira wa kikapu, na tangu mwaka jana tuna timu ya mpira wa miguu ambayo baadhi ya wazazi waliipinga. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe, timu ya mji huu huu, walikwenda Morocco wakairudisha nyumbani Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika. Tangu siku hiyo hakuna baba aliyeniandikia kwamba mpira unaharibu msichana. Asanteni Mazembe. Kwaya inaendelea Alhamisi, maigizo Ijumaa, na anayetaka kukaa tu chini ya mti bila kufanya lolote, akae. Msichana aliyezoea kuitwa kila dakika anahitaji kujifunza hata hilo.

Kulala pia. Saa tatu usiku taa zinazimwa, hadi saa kumi na moja ni saa nane. Wengi wa umri wenu wanahitaji nane hadi kumi, kwa hiyo tunawapa kiasi cha chini kabisa. Kusoma chini ya blanketi kwa tochi nakukataza hata kama ni Biblia.

Jambo la afya, nalo nitalisema polepole kwa sababu wazazi hulificha. Nchini kwetu inakadiriwa kwamba katika watoto 100 wanaozaliwa, karibu wawili wana SS, ugonjwa wa selimundu. Katika internati kubwa hawakosekani. Kuna mama anaogopa kutuambia, anadhani mtoto atakataliwa au atachekwa. Mama, tukijua, tunaweza kumlinda. SS inaamshwa na baridi, na kiu, na malaria, na uchovu mwingi. Huyo mtoto hataoga maji baridi alfajiri; jikoni watampashia. Atakuwa na chupa ya maji mezani hata wakati wa somo. Hatakimbia mzunguko wa uwanja kwa adhabu. Juni na Julai, baridi ya Katanga ikishuka, atapata blanketi la pili. Vidonge vyake vya kila siku vitakaa infirmeri, chumba chetu cha wagonjwa. Tusipojua, tutamwamsha kama wengine, atapata krizi ya maumivu, na atakaa hospitalini juma zima ambalo wenzake wanaendelea. Basi tuambieni leo, si usiku wa manane mtoto akilia mifupa.

Na hedhi. Baba wasitoke, haya yanawahusu, ninyi ndio mnaotoa pesa. Taulo ziko infirmeri, hazina daftari la maswali. Hakuna wa kukosa somo kwa kukosa taulo. Vitambaa vya kufua vinaanikwa juani, nyuma ya bweni, pana kamba na pana uzio, havifichwi chini ya godoro vikiwa na unyevu. Ambaye maumivu yanamlaza kila mwezi aseme, kuna dawa. Kuvumilia si somo linalofundishwa hapa.

Chakula: bukari, maharage, sombe, kapenta, lengalenga, na Jumapili wali na nyama ikiwepo. Mtalalamika, kila mwaka mnalalamika. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula, hasa mvua zikianza, kwa sababu kipindupindu katika mji huu hakijawahi kuomba ruhusa ya kuingia.

Mtalia pia. Wapya watalia, na hata wengine wa zamani. Kilio huja jioni, baada ya chakula, wakati ambapo nyumbani mngekuwa mmezunguka jiko. Kwa wengi kinapungua juma la tatu. Wazazi, mkisikia kilio Jumapili kwenye simu, msiwashe gari. Mwulizeni rafiki yake anaitwa nani. Akiwa na jina la kuwaambia, mkalale. Akikosa jina juma la tatu, hapo niiteni mimi, tukae wote watatu. Siku ya kwanza ya kutembelea ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba, si kabla.

Sasa mambo ya leo. Wenye fomu ya afya ambayo haijajazwa wapite infirmeri kabla ya kwenda popote. Ndoo na mabeseni yaandikwe majina, rangi iko kwa mlinzi. Wapya mfuate mayaya wenu, magodoro kwanza, masanduku baadaye. Geti linafungwa saa kumi na moja, na mama ambaye bado anatandika kitanda cha binti yake wakati huo nitamwomba kwa adabu aache shuka mtoto amalizie mwenyewe. Etidi ya kwanza ni leo jioni, saa kumi na mbili na nusu. Ndiyo, leo.